Gesi Imefika Chiwanda, Kazi za Pamoja Zibaki

Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa kimataifa ulioitishwa kwa ajili ya Afrika juu ya jambo hilohilo. Tangu hapo mtungi mdogo wa gesi umekuwa zawadi ya harusi, zawadi ya mikutano ya hadhara, na zawadi ya watoto waliopo mjini kwa wazazi wao kijijini. Ndivyo mtungi mmoja ulivyofika kwa mama yangu Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa, umefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda iliyotoka Mbamba Bay.

Siku tulipouwasha, mpwa wangu alimwambia, "Bibi, leo umestaafu jikoni." Watu wakacheka. Mama akautazama ule mwali wa bluu, kisha akajibu, "Nikistaafu jikoni, mjukuu wangu, mtakuja kuongea na mimi wapi?"

Ninaiunga mkono gesi kwa moyo wote. Serikali imekuwa ikitaja vifo vipatavyo 33,000 kila mwaka nchini mwetu kutokana na moshi wa majumbani, na mimi nimelelewa na wanawake waliokuwa wakikohoa kila alfajiri kabla jogoo hajawika. Lakini swali la mama limenikaa kichwani, kwa sababu wengi tuliolelewa kule tunapokumbuka mafiga matatu tunakumbuka mazungumzo, utani na hadithi, na tunaogopa kwamba vyote vitaondoka pamoja na kuni. Nimerudi kuzipitia kazi za utotoni mwangu moja baada ya nyingine, nitafute raha yake ilitoka wapi. Haikutoka kwenye kuni, wala kwenye kinu, wala kwenye maji ya kubeba kichwani. Ilitoka kwenye kuzifanya pamoja, mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke. Pale kazi ilipomwangukia mmoja peke yake, raha haikuwepo.

Nilizaliwa wakati Chiwanda bado ni sehemu ya Wilaya ya Mbinga, kabla Wilaya ya Nyasa haijamegwa. Ukanda wetu ni mwembamba: magharibi ziwa, mashariki milima ya Umatengo, kusini Msumbiji. Mabondeni watu hulima mpunga, lakini chakula chetu cha kila siku ni ugali wa muhogo kwa usipa, mbasa au magege. Vitabu husema Ziwa Nyasa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 29,600 na kina cha zaidi ya mita 700. Kwetu sisi watoto lilikuwa mahali pa kuoshea vyombo, kufulia nguo na kuogea, yote kwa safari moja.

Mwalimu wangu wa kwanza wa kazi alikuwa bibi mzaa mama. Muhogo wetu mwingi ulikuwa mchungu, na wakulima waliupenda kwa sababu wanyama waharibifu hawaushambulii kama ule mtamu. Muhogo huo hauliwi hivihivi. Sharti umenywe, ulowekwe majini siku kadhaa mpaka ulainike, uanikwe mwambani, kisha utwangwe na kuchekechwa. Bibi alitukusanya wajukuu na kutupeleka kwenye dimbwi alikoloweka muhogo wake, akachukua kipande kimoja na kunipa.

"Bonyeza. Unasikia nini?"

"Umelainika, bibi."

"Wote? Mpaka moyoni?"

Nikazamisha kidole gumba. Nyama ya muhogo ikaachia kama uji ulioganda, lakini ndani kabisa kidole kikagota kitu kigumu. Bibi akakichukua kile kipande na kukirudisha majini. Kingine alikipasua katikati, akakamata ule uzi wa ndani kwa ncha za kucha, nao ukachomoka wenyewe bila kuvutwa. "Huu ndio umeiva," akasema. "Njaa isikuharakishe, mume wangu." Kwa utani wa bibi na mjukuu wa kiume, mimi ndiye niliyekuwa mume wake, na kila nilipotaka kukimbilia mpira aliniuliza mume gani huyo asiyejua kuchekecha unga. Basi nilijifunza kuchekecha. Nilijifunza pia kutwanga kwa zamu, michi miwili kwenye kinu kimoja, yangu na ya dada yangu. Ukichelewa kidogo michi inagongana, ukiwahi inagongana, kwa hiyo unasikiliza pumzi ya mwenzako mpaka mnakwenda sawa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, ndipo nilipoelewa bibi alikuwa akilinda nini pale dimbwini. Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sumu ya sayanaidi, na kuuloweka vizuri na kuukausha ndiko kunakoipunguza. Watu wakibanwa na njaa wakafupisha siku za kuloweka, na mlo ukawa muhogo mtupu bila samaki wala maharage, huweza kuzuka ugonjwa uitwao konzo. Huo hupoozesha miguu ghafla, na ulemavu wake hauponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ulizuka Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliripotiwa kusini mwa nchi, Mtwara na katika wilaya yetu ya Mbinga. Mwanasayansi Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, akishirikiana na wataalamu wa Tanzania, alihimiza njia rahisi ya kupunguza sumu iliyobaki kwenye unga: uchanganywe na maji, utandazwe tabaka jembamba kivulini kwa muda wa saa tano, ndipo usongwe ugali.

Bibi hakuwahi kulisikia jina la sumu hiyo, lakini vidole vyake viliijua, na kwa kunishika mkono aliviwezesha vyangu viijue kabla sijajua kusoma. Hapo nilijifunza kwamba kazi ya nyumbani ni njia ya kurithishana maarifa, na maarifa ya namna hiyo hayafundishiki kwa maneno matupu. Mtoto asiyefanya kazi pembeni ya mkubwa hanyimwi jasho tu. Ananyimwa alichokuwa nacho mkubwa yule.

Kazi ya pili ninayoikumbuka ni ya usipa. Katika usiku usio na mbalamwezi wavuvi waliingia ziwani na karabai, na ukisimama ufukweni uliona taa zimepangana kwa mbali mithili ya mtaa wa mjini. Alfajiri wanawake walikwenda na mabeseni kuwangoja. Usipa walipofika nyumbani walioshwa na kuanikwa, na sisi watoto tukapewa vijiti vya kufukuzia kunguru na kuku. Jua lilipopanda ilikuja kazi ya kukaa mkekani na kuchambua: huku samaki, kule mchanga, majani na vigamba.

Ni kazi ya kuchosha macho, na mtu akiifanya peke yake usingizi unamchukua. Lakini pale mkekani ndipo nilipoijua familia yangu. Mikono ikiwa na shughuli, ulimi hufunguka. Mama mdogo, ambaye nyumbani alijulikana kwa ukimya, alinisimulia habari za babu yangu huku akitoa mchanga kwenye usipa, hata macho hainui. Alinieleza jinsi babu alivyokwenda Tanga kukata mkonge kama manamba, kwa mkataba wa SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua iliyoanzishwa na wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944, ambayo ilichukua vijana wengi kutoka Songea. Alinieleza jinsi bibi alivyobaki na watoto, akilima, akiloweka muhogo na kungoja barua. Hayo yote hakuna aliyenikalisha chini kunisimulia. Yalikuja yenyewe, kati ya beseni moja na jingine.

Nimekuwa nikiutafakari mkeka ule kila ninapoona wazazi wanavyohangaika kuzungumza na watoto wao sebuleni. Baba anamkalisha kijana mbele yake na kumuuliza, "Shule vipi?" Kijana anajibu, "Nzuri." Mazungumzo yamekwisha. Kukaa uso kwa uso kwa mtoto kunafanana na kuhojiwa. Aliyekaa mkekani hahojiwi, kwa kuwa macho ya wote yapo kwenye kazi, na ukimya haumwaibishi mtu. Jambo zito hupata nafasi ya kutoka polepole, na likitoka halimshtui mtu.

Kuhusu babu mwenyewe, ninakumbuka msimu mmoja bibi alipougua. Siku ya kwanza majirani walileta chakula. Siku iliyofuata babu alijifunga shuka kiunoni, akakoka moto, akateleka maji na kusonga ugali uliosimama vizuri kuliko wa watu wengi. Mzee mmoja aliyekuwa akipita njiani alisimama akamtania, "Mwenzangu, umeolewa lini?" Babu hakukasirika. Aligeuza mwiko, akasema, "Kule Tanga nilisonga miaka yote na hakuna aliyenicheka. Leo kwangu ndiyo iwe aibu?" Yule mzee akakaribishwa, akanawa, akala.

Maneno hayo yalinifungua macho. Wanaume wa ufukweni kwetu wamepika siku zote. Manamba walipika kwenye makambi ya mkonge, na wavuvi hadi leo hupika wanapolala kambini mbali na nyumbani. Mwanamume yuleyule aliyesonga ugali wa wenzake ng'ambo ya ghuba, akivuka kizingiti cha nyumba yake husema jiko ni la mwanamke. Kinachomzuia ni mazoea, wala si mwili wala mila ya tangu na tangu. Babu alilionyesha hilo kwa sufuria moja, na sisi wajukuu wa kiume tuliokuwa tukitazama hatukuhitaji semina.

Hapa ni lazima nimlete dada yangu, maana kumbukumbu zangu na zake hazilingani. Nikimsimulia habari za michi miwili anatabasamu. Nikitaja maji, tabasamu linaondoka. Yeye ndiye aliyeamshwa gizani kwenda kuteka, yeye na mabinti wengine, ndoo kichwani juu ya kata ya kanga, safari baada ya safari, wakati sisi wavulana tunamalizia usingizi. Aliingia darasani amechoka, na nguo imelowa mabegani. "Wewe unakumbuka kazi tulizofanya wote," aliniambia hivi karibuni. "Mimi nakumbuka pia zile nilizofanya peke yangu. Hizo sizitamani zirudi."

Sina la kumpinga. Mtu anayesifu kazi za nyumbani bila kumsikiliza aliyezibeba anasifu mzigo wa mwenzake. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, yaliyopitishwa mwaka 2015, yanazitaka nchi zitambue na kuthamini kazi za nyumbani na za malezi zisizo na malipo, na zihimize mgawanyo wa majukumu ndani ya familia. Wengine huona hayo ni mambo ya wageni. Kwa dada yangu ni habari ya ndoo na kichwa chake. Bomba la maji lililosogezwa karibu na nyumba halijaua utamaduni wowote. Limempa binti saa ya kulala na saa ya kusoma. Na raha ninayoizungumzia katika makala haya inaanza pale tu mzigo unapogawanywa kwa haki.

Upande wa baba yangu ni Wamatengo wa milimani, na likizo nyingine nilipelekwa huko. Safari ya kupanda kutoka ziwani hadi Mbinga ilikuwa ya kutwa nzima juu ya lori, kona baada ya kona, vumbi wakati wa kiangazi na kukwama wakati wa masika. Leo kuna lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay, na mtu anakunywa chai juu na kula mchana chini. Kule milimani niliyakuta mashimo ya ngoro, kilimo ambacho Wamatengo wamekitumia kwa zaidi ya miaka 100 kwenye miteremko mikali. Wanaume hufyeka nyasi, na zikishakauka huzilaza katika mistari inayokatana, zikagawa shamba lote katika miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi, pakabaki shimo lililozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji hukaa shimoni badala ya kuporomosha mlima, na nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea ya maharage na mahindi.

Nilichokipenda kwenye ngoro ni kwamba shimo haliwezi kukamilika kwa mkono wa jinsia moja. Mwanamume akilaza nyasi ovyo, mwanamke hana pa kuchimba. Mwanamke asipofukia, nyasi za mwanamume zinapeperushwa na upepo. Baba mdogo alinionyesha jinsi ya kupima mraba kwa macho, na mkewe akasimama na jembe kuikagua kazi yangu. Aliponiambia, "Mwanangu, huu mstari umenyooka," nilijiona nimefaulu mtihani mkubwa kuliko wa shule.

Jioni kulikuwa na mabaki ya desturi ya sengu. Zamani, wanaume wa ukoo mmoja, babu hadi wajukuu, walikula mahali pamoja chakula kilichotoka katika jiko la kila nyumba ya ukoo ule. Hapo waliamua habari za mashamba, walisuluhisha ugomvi, na kijana mvivu aliambiwa ukweli mbele ya wote. Mtoto wa ndugu yako alikula cha kwako na wako akala cha kwake, hivyo nyumba yenye upungufu haikuaibika. Sengu ilikuwa na kasoro yake kubwa: waliopika hawakukaa katika duara lile. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo familia za sasa tumelipoteza, yaani saa maalumu ambapo kazi ya siku inazungumzwa na kila mmoja anajua mwenzake amefanya nini.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kikisaidiwa na Japani kiliendesha mradi wa maendeleo vijijini huko Umatengo, na katika kijiji cha Kindimba wanakijiji walijenga mashine ya kusaga nafaka inayozungushwa na maji ya mto. Kamati iliyosimamia shughuli hizo waliipa jina la sengu. Ninaupenda mfano huo. Watu walikubali mashine iwaondolee wanawake adha ya kusaga, na papo hapo wakaichukua desturi ya kale ya kukaa na kushauriana, wakaipa kazi mpya. Hawakulazimika kuchagua kimoja na kutupa kingine.

Kisha nikaenda shule ya bweni. Taifa letu lilikuwa limelelewa na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ambayo Mwalimu Nyerere aliiandika akitaka shule ziwe pia mahali pa kazi, ili msomi asiidharau jembe. Ni wazo zuri, na nimeliona likifanya kazi kwenye bustani tulizolima na mwalimu akiwa kati yetu ameshika mwiko wa kupandikizia miche. Lakini katika shule niliyosoma kazi ilikuwa pia adhabu. Ukichelewa, ufyeke. Ukiongea darasani, usafishe choo. Ukifeli hesabu, ubebe maji ya jikoni. Wanafunzi walioadhibiwa kwa ufagio waliuchukia ufagio, na wapo ninaowafahamu ambao hadi leo wakiona mtu mzima anafagia uwanja wake hudhani ameonewa. Mzazi au mwalimu anayemwambia mtoto, "Kwa kosa lako utaosha vyombo," anamfundisha kwamba anayeosha vyombo kila siku ni mkosaji. Mama yake anaosha vyombo kila siku. Mtoto ataunganisha mwenyewe.

Sasa ninaishi Songea na mke wangu na watoto wetu. Tuna dada anayetusaidia kazi, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mjini ambamo wote wawili wameajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki, naye anayachukua Jumapili. Anakwenda kanisani, anawatembelea ndugu zake, anarudi jioni. Siku hiyo nyumba ni yetu. Mimi huosha vyombo na mwanangu wa kiume hufuta, mke wangu na binti yetu hupika. Wiki inayofuata tunabadilishana.

Jumapili moja, tukiwa kwenye karo, mwanangu alikuwa akifuta sahani ileile kwa muda mrefu. Sikumuuliza kitu. Nikaendelea na sufuria yangu, ambayo ugali ulikuwa umegandia chini. Akasema, "Baba, mimi nataka mkondo wa amali." Mtaala mpya unaotokana na Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, umeweka mkondo huo katika sekondari, mwanafunzi asome masomo pamoja na ujuzi wa mikono. Alikuwa amelibeba jambo hilo wiki nzima, akihofia kwamba mimi ninamtakia udaktari. Tulizungumza mpaka vyombo vikaisha, tukajikuta tunaosha na vilivyokuwa safi. Mezani asingeniambia. Kwa simu asingeniambia. Aliniambia kwa sababu tulikuwa tumesimama bega kwa bega, na kulikuwa na sahani ya kushika mkononi.

Desemba tulikwenda Chiwanda. Mama aliinjika maharage kwenye gesi, yakaiva bila mtu kupuliza moto wala kufuta machozi. Saa tuliyozoea kuitumia kuchochea kuni tuliipeleka uani: mkeka ukatandikwa, beseni la usipa likawekwa katikati, na mtoto aliyesema bibi amestaafu akawa wa kwanza kukaa. Binti yangu aliuliza, "Bibi, babu yako aliitwa nani?" Mama akaanza kuhesabu vizazi, na mimi nikasikia majina ambayo sikuwahi kuyasikia. Swali la mama kuhusu mahali pa kuongelea lilipata jibu lake hapohapo. Moto mmoja umetoka, mkeka umebaki. Gesi haikumwondoa mtu kwenye mazungumzo. Ilimwondolea moshi na kumpa muda. Nani atautumia muda huo, na pamoja na nani, ni uamuzi wa familia yenyewe.

Uamuzi huo unafanywa kila siku katika nyumba zetu bila sisi kujua. Muda uliookolewa na gesi, bomba na mashine ya kusaga unaweza kwenda kwa watoto wetu, au ukaishia kwenye simu, kila mtu chumbani kwake. Na kazi zilizobaki, maana kazi za nyumbani haziishi, zinaweza kubaki za mama na binti, au zikawa za wote. Kama ni za mmoja, ni utumwa hata zikifanywa kwa vifaa vya kisasa. Kama ni za wote, hata kuosha masufuria kuna raha yake.

Kwa hiyo ninamwomba mzazi mwenzangu, wa ziwani, wa milimani na wa mjini. Chagua kazi moja ya nyumbani, ndogo tu: kuchambua mchele, kukunja nguo, kumenya ndizi, kufagia uwanja. Usimtume mtoto akaifanye. Kaa chini uifanye naye, wa kiume kama wa kike, na simu ziwekwe mbali. Usiifanye kuwa adhabu. Usimharakishe wala usimhoji. Mwonyeshe kwa mkono wako kama ulivyoonyeshwa, kisha umsikilize. Akina baba ndio ninaowasihi zaidi, kwa sababu wengi wetu tuna mengi ya kuwaambia watoto wetu na tunangoja siku maalumu ya kuyasema. Siku hiyo haiji. Vyombo vichafu vipo leo.